Malkia nimemtoa, mbona mchwa bado wamo?

*"Mtaalamu, nimejenga nyumba ya vyumba 3 Kisarawe. Kiwanjani kulikuwa na kichuguu kikubwa, mita kama 15 kutoka ukuta wa nyuma. Mwaka jana niliwalipa vijana wakakichimba, wakamtoa malkia, mnene kuliko kidole gumba, wakamwaga dizeli shimoni. Nikajua yamekwisha. Miezi 5 baadaye fremu ya mlango wa chumba cha watoto imeliwa yote ndani, nje imebaki rangi tu, na njia za udongo zimepanda ukutani hadi karibu na kenchi. Duka la pembejeo wameniuzia dawa ya kupulizia mboga. Nimepuliza mara 3, wanahama upande huu wanatokea upande ule. Fundi anasema nimwage oili chafu kuzunguka msingi. Mama mkwe anasema nilikosea tangu mwanzo kukigusa kichuguu, kilikuwa kinatupa uyoga. Malkia nimemtoa, hawa wanatoka wapi? Na nifanye nini kabla paa halijatushukia?"*

Dada yangu, kwanza vuta pumzi. Paa halishuki wiki hii. Mchwa mmoja mmoja hula kidogo sana, hasara yake hutokana na wingi na miezi. Una muda wa kufanya kazi hii vizuri, ila usiuchezee kwa kujaribu kila dawa unayotajiwa na kila mpita njia.

Swali lako limejengwa juu ya jambo moja ambalo karibu kila mtu analiamini: kwamba mchwa wote wa kiwanjani ni wa kichuguu kimoja, na ukimpata malkia umemaliza vita. Nusu yake ni kweli. Kwa mchwa wale wajenzi wa vichuguu virefu, jamii tunayoiita Macrotermes, malkia kweli ndiye anayezaa karibu kila mchwa unayemwona. Hutaga mayai maelfu kwa maelfu kwa siku, amelala kwenye chumba chenye kuta ngumu ambacho hawezi kutoka, na mfalme yuko pembeni yake maisha yote. (Hapo mchwa wanatofautiana na nyuki, ambao dume hufa akishapanda.) Vijana wako wakimtoa malkia na mfalme, mji ule mara nyingi hufifia, kwa sababu wafanyakazi waliobaki huishi miezi tu. Kwa hiyo hukufanya upuuzi. Lakini wapo Macrotermes wanaoweza kumpata malkia mwingine kutoka miongoni mwa kumbikumbi waliomo ndani, na vipo vichuguu vyenye malkia zaidi ya mmoja. Sasa niambie, vijana walipomtoa yule mnene, kuna aliyeendelea kuchimba?

La pili ni zito zaidi. Sisi tuna neno moja, mchwa, lakini aina zake zilizopewa majina ya kisayansi duniani zinakaribia 3,000, na nyingi hazina habari na nyumba yako. Zinakula majani makavu, nyasi, samadi, nyingine udongo wenyewe. Katika eneo kama lenu, chini ya kiwanja kimoja wanaweza kuishi aina kadhaa bila kuonana. Wapo Odontotermes na Microtermes, ambao wengi wao hawajengi kichuguu cha kuonekana kabisa. Mji wao uko ardhini, vyumba vidogo vidogo vimetawanyika kama viazi. Wapo pia Coptotermes, wanaopenda kukaa kwenye visiki na ndani ya mashina ya miti, na hao kwa mbao ndio wabaya wa kweli. Malkia wako anaweza kuwa amekufa kweli, na mlango wa watoto ukawa unaliwa na watu wengine kabisa.

Unaweza kuchunguza mwenyewe. Bandua kipande cha fremu iliyoliwa, tafuta askari, wale wenye meno kama koleo. Kama ni wakubwa, vichwa vyekundu, na wakikuuma damu inatoka, hao wanafanana na wa kichuguu. Macrotermes huchimba njia hata za mita 50 kutafuta chakula, hivyo mita 15 kwao ni hapo mlangoni. Kama ni wadogo, na ukimgusa mmoja kwa kijiti anatoa tone jeupe kama maziwa kwenye paji la uso, hao ni Coptotermes, na kichuguu chako hakihusiki. Kama huoni mchwa wala udongo, ila chini ya mbao kuna vijichembe vigumu kama mchanga mkavu, ni mchwa wa mbao kavu, wanaoishi humo humo ndani ya mbao bila kugusa ardhi. Hao dawa yao ni nyingine, lakini kwa kuwa wewe una njia za udongo, sidhani kama ndio. Na ukiona unga laini kama wa ngano ukitoka kwenye vitundu vya mviringo, huyo si mchwa, ni mdudu anayebungua mbao. Wengi wamemwaga dawa ya mchwa miaka kwa sababu yake.

Tuje kwenye zile njia za udongo, maana siri yote ya kuwashinda iko pale. Watu humfikiria mchwa kama ndugu wa sisimizi na siafu. Sivyo. Jamaa yake wa karibu ni mende. Kuna mende wa msituni wanaokula magogo na kulea watoto wao kwa familia, na ukoo wa mchwa umetokea huko huko. Sisimizi ana gamba gumu, anatembea juani bila shida. Mchwa mfanyakazi ni kipofu, ngozi yake laini, maji yanamtoka haraka. Ukimweka juu ya saruji kavu saa sita mchana hachukui muda. Kwa hiyo popote aendapo anatembea na ardhi yake: anajenga dari ya udongo, mate na kinyesi, ndani mna giza na unyevu, na sisimizi, ambao ndio adui zake wakubwa, hawampati kirahisi.

Leo usiku fanya hivi. Chukua tochi, vunja njia mojawapo katikati, upana wa vidole viwili, ukae uangalie. Kwanza patakuwa kimya. Kisha watatokea askari, watasimama kwenye kingo za pengo huku vichwa vimeelekea nje. Nyuma yao wanakuja wafanyakazi, kila mmoja na chembe moja ya udongo mdomoni. Anaibandika, anaikandamiza, anageuka anarudi. Mwingine anafika na chembe yake. Hakuna anayeamrisha. Mimi nimefanya kazi hii miaka na bado naweza kukaa pale nusu saa chai ikapoa. Asubuhi pengo limezibwa, au linakaribia. Likipita wiki bila kuzibwa, njia hiyo imeachwa, lakini usishangilie mapema, kwa sababu njia kuachwa hakumaanishi wao wamekufa.

Hapo ndipo utaelewa kwa nini ile dawa ya mboga imekuchezea. Dawa nyingi za namna hiyo ni za kundi la sipamethrini na ndugu zake. Zinaua, ndiyo, lakini zina ukali ambao mchwa anautambua kabla hajaingia. Wachache walioguswa wanakufa, wanaofuata wanaziba njia na kuzunguka. Mji wa mchwa una wakazi malaki, wengine hupita milioni, na wanaotoka kutafuta chakula ni sehemu tu. Umewafundisha njia mpya mara 3, tena umepuliza sumu kwenye chumba wanacholala watoto. Acha kabisa. Osha ukuta na sakafu kwa maji na sabuni, umevaa glavu, na nguo za kitanda zilizokuwamo zifuliwe.

Oili chafu nayo naikataa, ingawa fundi wako hajaitoa hewani. Babu zetu waliipaka kwenye nguzo za uzio na nguzo zikadumu kidogo. Lakini kumwaga kuzunguka msingi ni kuchafua ardhi kwa madini na mabaki ya injini ambayo hayaozi, na kama una kisima, au jirani anacho, hayo yatakwenda huko. Mchwa kwa upande wao watapita chini yake. Chumvi? Inakula chuma kilichomo ndani ya zege. Majivu husaidia kwenye kitalu cha miche kwa siku chache, mvua ikinyesha yamekwisha.

Kabla ya dawa yoyote nataka unijibu, au ujijibu: siku ya kumwaga jamvi, yaani zege la sakafu, chini yake kuliwekwa nini? Kisarawe viwanja vingi vilikuwa na mikorosho na miembe. Mti unakatwa, kisiki kinaachwa, kifusi kinamwagwa juu. Mafundi nao wakimaliza kufunga zege hutupa vibao vilivyobaki humo humo ndani ya msingi, na mifuko ya saruji, ambayo ni karatasi, yaani chakula. Halafu jamvi linafunika. Mchwa hali zege, wala saruji hailiwi hata wakisema vipi. Anachohitaji ni ufa mwembamba tu, au ule uwazi ambapo bomba la maji limepita sakafuni, au pale fremu ya mlango iliposimamishwa kabla ya jamvi na mguu wake ukaingia udongoni. Mlango wa chumba cha watoto nadhani ndivyo ulivyo. Angalia kama fremu inaishia juu ya sakafu au inazama ndani yake.

Halafu zunguka nyumba. Bomba linalovuja, maji ya bafu yanayotuama nyuma ya ukuta, bustani ya maua iliyokumbatia msingi, kuni na mbao zilizoegemezwa ukutani, maboksi ya karatasi stoo. Vyote hivyo viondoe. Acha ukanda mtupu wa nusu mita hivi kuzunguka nyumba, uweze kuona udongo ukipanda. Kazi hii haina gharama, na ni nusu ya dawa.

Nusu nyingine kweli ni dawa, na sikudanganyi kwamba utaikwepa kwa nyumba iliyokwisha kujengwa. Inayofaa ni ile ambayo mchwa haitambui, zenye fipronili au imidaklopridi, zilizosajiliwa mahsusi kwa mchwa wa majengo. Mchwa anapita ndani ya udongo uliotiwa dawa bila kujua, hafi papo hapo, anarudi kwa wenzake. Na mchwa wana tabia ya kulambana na kulishana mdomo kwa mdomo kutwa nzima, hivyo anawagawia. Siku kadhaa zinapita, njia zinanyamaza. Dawa hiyo haipulizwi ukutani. Nje unachimbwa mfereji mwembamba ukifuata msingi, dawa iliyochanganywa na maji inamwagwa, udongo unarudishwa ukiwa nao umeloweshwa. Ndani yanatobolewa matundu madogo kwenye sakafu pembeni mwa kuta, kila baada ya sentimita 30 hivi, dawa inasukumwa chini ya jamvi, matundu yanazibwa kwa saruji. Unatengeneza ukanda ambao hauna pengo. Ukiacha mita moja nyuma ya bafu kwa sababu tangi liko pale, umeacha mlango.

Kazi hii usimpe kijana mwenye bomba la mgongoni wala usiifanye mwenyewe. Dawa hizi ni kali kwa samaki na nyuki, na kipimo kina maana. Mwite mtaalamu wa kudhibiti wadudu mwenye kibali, umwambie akuonyeshe chupa yenye lakiri na lebo. Orodha ya viuatilifu vilivyosajiliwa iko kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, yenye makao Arusha. Dawa iliyojazwa kwenye chupa ya maji ya kunywa usiiruhusu ivuke geti. Ukiambiwa "hii ni ile ya zamani, inakaa miaka 20", huenda anaongelea aldrini au dieldrini. Zilikaa kweli ardhini, na zikakaa mwilini mwa samaki, kuku na watu vilevile, ndiyo maana Mkataba wa Stockholm wa 2001 ukaziweka kwenye orodha ya sumu za kuondolewa duniani. Hizi za sasa zitakukinga miaka kadhaa, kutegemea udongo na maji, kisha zinarudiwa. Udongo wa kichanga wa kwenu haushiki dawa kama mfinyanzi.

Umsubiri mtaalamu pia, bila kujaribu chochote peke yako, kama kisima kiko karibu na nyumba, au kama kuna mjamzito au mtoto mchanga ndani. Na juu ya kenchi sitaki nikuandikie matumaini kutoka mbali. Fundi seremala apande, agonge kila mbao kwa mpini wa bisibisi, asikilize. Mbao nzima inalia, iliyoliwa inasikika kama boksi. Apachome kwa ncha mahali anapopashuku. Ncha ikizama kama kwenye mkate, hiyo mbao ibadilishwe, na watoto wahamie chumba kingine hadi imalizwe. Mbao mpya iwe ya dawa iliyosukumwa ndani kwa mashine, si iliyopakwa tu kwa brashi. Fremu ya mlango unaweza kuweka ya chuma. Ukitaka mninga au mvule, dai ile sehemu ya kiini, yenye rangi. Ile nyeupe ya pembeni mchwa anaila kama mti mwingine wowote, na wauzaji wengi wanakuuzia hiyo kwa bei ya mninga. Ila usifunge fremu mpya kabla udongo haujatiwa dawa.

Sasa mama mkwe. Kuhusu uyoga yuko sahihi kuliko anavyojua. Macrotermes na ndugu zake hawawezi kumeng'enya mti peke yao vya kutosha, kwa hiyo ni wakulima. Wafanyakazi wanaleta nyasi na vijiti, vinatafunwa na kunyewa vikiwa havijaiva tumboni, kinyesi hicho kinajengwa kuwa masega laini ya rangi ya kahawia, na juu yake wanaotesha kuvu wa jamii ya Termitomyces. Kuvu analainisha kile kilichoshindikana, mchwa wanakula masega yaliyokomaa. Ushirika huu ulianza hapa Afrika miaka kama milioni 30 iliyopita. Mvua zikija kuvu huyo anachomoza juu kama uyoga, na mchwa wachanga wa miji mipya wanaokota mbegu zake huko nje. Huko kwenye misitu ya miombo, Zambia na Tanzania magharibi, kuna aina yake ambayo kofia yake inafikia upana wa mita moja. Mwavuli kamili!

Na faida haiishii kwenye uyoga. Mwanaikolojia Robert Pringle na wenzake walionyesha mwaka 2010, kwenye mbuga za Laikipia kule Kenya, kwamba penye vichuguu mimea hukua zaidi na wanyama wadogo huwa wengi, na vichuguu vyenyewe vimepangana kwa umbali unaokaribiana utadhani vilipimwa kwa kamba. Mchwa wanapandisha udongo wa chini, wanaufungua, maji yanaingia. Mkulima anayetawanya udongo wa kichuguu shambani hafanyi ushirikina.

Kwa hiyo kile kichuguu, kwanza jua kama kiko hai. Vunja kipande juu, ukubwa wa sahani, urudi baada ya siku mbili. Kikiwa kimefunikwa kwa udongo mpya wenye unyevu, wamo. Kikiwa wazi na kikavu, chimba kidogo. Mji uliokufa huota vijiti vyeusi vyembamba juu ya masega, huyo ni kuvu mwingine anayenyemelea miaka yote na kulishika shamba mara tu wakulima wakiondoka. Kikiwa hai, mimi ningekiacha. Nyumba yenye ukanda wa dawa inaweza kukaa na kichuguu mita 15 bila ugomvi, na mchwa walio humo hulishikilia eneo lao dhidi ya mchwa wengine. Ila kikichomoza kingine karibu na ukuta, hapo ngoma nyingine.

Mwambie mama mkwe kwa heshima, tena mapema kabla ya mvua: uyoga wa pale asiuchume, wala kumbikumbi watakaotoka pale wasikaangwe, na mjamzito yeyote wa nyumbani asitafune udongo wake. Dizeli ile haikuondoka na vijana walioimwaga. Msimu huu achume kwenye vichuguu vya mbali, ambavyo hakuna aliyevitia kitu.